Wahungaria na Lugha Yao

Kila mwaka, tarehe 17 Novemba, twakuta katika kalenda jina la Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria. Alizaliwa mwaka 1207, binti wa mfalme. Akiwa na miaka minne tu alipelekwa Ujerumani kulelewa katika nyumba ya mchumba wake. Akafa mwaka 1231, akiisha kuwagawia maskini mali yake. Wasichana wengi kwetu wanaitwa kwa jina lake. Lakini ukiwauliza, "Hungaria ni nchi gani? Watu wake wasema lugha gani?", ni wachache watakaojibu. Wengi hudhani kwamba watu wa Ulaya wote ni ukoo mmoja, na kwamba mtu akijua Kifaransa ameshika ufunguo wa nyumba nzima. Sivyo hata kidogo.

Leo twataka kuwaeleza habari za lugha hiyo. Sababu zetu ni mbili. Kwanza, katika kujifunza habari zake tumeona inafanana na lugha zetu katika mambo ambayo Kifaransa hakifanani nazo. Pili, watu wake walipita katika jaribu ambalo sisi wenyewe tumo ndani yake sasa.

Hungaria ni nchi ya katikati ya Ulaya. Haina bahari. Mto mkubwa Danube wapita ndani yake, na juu ya mto huo umejengwa mji mkuu, Budapest, ambao zamani ulikuwa miji mitatu, Buda, Óbuda na Pest, iliyounganishwa mwaka 1873. Wakaaji wa nchi hiyo ni karibu milioni tisa na nusu. Lakini wasemaji wa Kihungaria hawaishii mpakani: katika Romania wako karibu milioni moja, katika Slovakia zaidi ya laki nne, tena wako Serbia, Ukraine, Austria, na ng'ambo ya bahari katika Amerika. Jumla yao ulimwenguni ni kadiri ya milioni kumi na tatu. Tangu mwaka 2004 Kihungaria ni mojawapo ya lugha rasmi za Umoja wa Ulaya.

Wao wenyewe hawajiiti Wahungaria. Hilo ni jina walilopewa na wengine. Wajiita Magyar, na lugha yao ni magyar nyelv. Neno hilo nyelv ni ulimi ule wa kinywani, tena ni lugha. Nasi twasema vivyo hivyo: mtu wa ulimi mmoja nasi ni mtu wa lugha yetu. Na lugha ya mama huitwa anyanyelv, yaani ulimi wa mama, maana anya ni mama.

Sasa tazama ajabu yake. Majirani wote wanaowazunguka, yaani Wajerumani wa Austria, Waslovakia, Waukraine, Waromania, Waserbia, Wakroatia na Waslovenia, wana lugha za jamaa moja kubwa, hata kama hawasikilizani. Ni kama matawi ya mti mmoja. Kihungaria peke yake si tawi la mti huo. Ni kama mgeni aliyejenga nyumba yake katikati ya kijiji cha ukoo mwingine, akakaa humo miaka elfu na zaidi bila kusahau maneno ya kwao.

Alitoka wapi mgeni huyo? Wazee wa Wahungaria walitoka mbali mashariki, upande wa milima ya Ural. Walikuwa wafugaji, watu wa farasi. Walihama nchi hata nchi, na karibu na mwaka 895 makabila yao saba yaliingia katika bonde wanalokaa hata leo, wakiongozwa na mkubwa wao Árpád. Njiani walikutana na mataifa mengi, wakaokota maneno. Jina la ngano na jina la tufaha waliyapata kwa watu wa jamaa ya Waturuki. Maneno mengi ya dini waliyapata kwa Waslavi: kereszt, ndiyo msalaba, na pap, ndiyo padri. Hata Ijumaa yao, péntek, ni neno la Kislavi, kama vile Ijumaa yetu ni neno la Kiarabu. Lakini Dominika waliipa jina lao wenyewe, vasárnap, maana yake siku ya soko. Na Jumatatu huitwa hétfő, yaani kichwa cha juma.

Ndugu za lugha hiyo walikuwa wamepotea kabisa, na aliyesaidia kuwatafuta alikuwa padri. Mwaka 1769 mapadri wawili wa Shirika la Yezu, Maximilian Hell na Sajnovics János, walifunga safari mpaka kisiwa cha Vardø, kaskazini kabisa mwa Norwe, ili kuitazama nyota ya Zuhura ikipita mbele ya jua. Kazi yao ilikuwa ya mbinguni, lakini Padri Sajnovics aliyatega masikio yake duniani. Alisikiliza usemi wa Wasami, watu wa nchi ile ya baridi, akayaandika maneno yao, akaona kwamba yana udugu na Kihungaria. Mwaka 1770 alitoa kitabu juu ya jambo hilo. Je, wenzake walifurahi? Wengi walikasirika! Walitaka kuwa jamaa ya wapiganaji wakuu wa mashariki. Walisema hawataki udugu unaonuka mafuta ya samaki. Lakini ukweli haungoji ruhusa ya wenye kiburi. Leo wataalamu wanajua kwamba ndugu wa karibu wa Kihungaria ni lugha za Wakhanti na Wamansi, watu wachache wakaao kando ya mto Ob katika Siberia. Na ndugu wa mbali ni Kifini na Kiestonia. Yapime mwenyewe: maji kwa Kihungaria ni víz, kwa Kifini vesi. Damu ni vér, kwa Kifini veri. Mkono ni kéz, kwa Kifini käsi. Samaki ni hal, kwa Kifini kala. Ndivyo mtu anavyotambua ndugu aliyepotea siku nyingi: sura imegeuka, lakini macho ni yale yale.

Tuje sasa kwa mambo yanayotufurahisha sisi wasemaji wa Kiswahili. Hatusemi kwamba Kihungaria na Kiswahili ni ndugu. La, hawana ukoo mmoja. Lakini watu wawili wasiojuana huweza kujenga nyumba kwa ufundi mmoja.

Kwa Kihungaria nyumba ni ház. Ukitaka kusema "nyumbani", yaani ndani ya nyumba, waongeza kipande mwishoni: házban. Kumbe ndivyo tunavyofanya sisi kwa -ni! Nyumba yangu ni házam. Nyumba zangu ni házaim. Ndani ya nyumba zangu ni házaimban, neno moja tu. Mfaransa atatumia maneno matatu. Sisi vipande vyetu vingi vyakaa mbele ya neno, wao vipande vyao hufuata nyuma. Lakini pande zote mbili neno moja hubeba mzigo wa maneno mengi.

Tena, ukisema bustanini, si kertban bali kertben. Kwa nini? Kwa sababu a ya házban yafuata sauti ya ház, na e ya kertben yafuata sauti ya kert. Sauti zapatana kama waimbaji. Usishangae: sisi twasema pika, pikia, lakini soma, somea. Hakuna aliyetufundisha kanuni hiyo tukiwa watoto, hata hivyo mtu akisema "somia" masikio yetu yanakataa mara moja.

Tena, Kifaransa chatenga mwanamume na mwanamke hata katika majina ya meza na viti. Watoto wetu shuleni wajua taabu hiyo! Kihungaria hakina habari hiyo. Mwanamume ni ő, mwanamke ni ő, kama vile kwetu wote ni yeye.

Na la mwisho ndilo lililotushangaza kuliko yote. Mhungaria akiona nyumba yoyote asema látok. Akiiona nyumba ile inayojulikana asema látom. Ni kama sisi tunaposema "naona nyumba" na "naiona nyumba". Na akitaka kusema "nakupenda" hahitaji maneno matatu ya Mfaransa. Asema neno moja tu, szeretlek, na ndani yake mnakaa anayependa na anayependwa.

Hata majina yao yana mpango unaojulikana kwetu: jina la ukoo hutangulia. Yule mpiga kinanda ambaye dunia yamwita Franz Liszt, kwao ni Liszt Ferenc. Katika daftari za shule zetu za Kongo, je, hatuandiki vivyo hivyo, jina la ukoo kwanza na la ubatizo mwisho?

Basi, lugha nzuri namna hii ilikaaje kwao? Hapo ndipo pana fundisho. Mfalme Stefano, ambaye sasa ni Mtakatifu Stefano, alipotiwa taji mwishoni mwa mwaka 1000 au mwanzoni mwa 1001, Kilatini kiliingia kuwa lugha ya Kanisa, ya hukumu na ya barua zote. Kihungaria kilibaki jikoni, shambani na sokoni. Katika hati ya mwaka 1055 ya kuanzishwa kwa monasteri ya Wabenediktini ya Tihany, yote imeandikwa kwa Kilatini. Lakini mwandishi alipotaka kutaja mipaka ya mashamba, akataja njia na vilima kwa Kihungaria, maana ndiyo majina ambayo wakaaji waliyajua. Hayo ni katika maneno ya kwanza ya lugha hiyo yaliyohifadhiwa. Na maandishi ya kwanza yaliyo marefu na kamili, ya miaka ya 1192 hata 1195 hivi, ni nini? Si sheria, wala si sifa za wafalme. Ni mahubiri ya maziko. Padri aliyesimama kando ya kaburi alijua kwamba mbele ya wafiwa Kilatini peke yake hakitoshi.

Shairi la kwanza la Kihungaria, la karibu na mwaka 1300, ni maombolezo ya Mama Maria chini ya msalaba. Liliandikwa katika kitabu cha Kilatini ambacho kwa miaka mingi kilikaa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Louvain, katika Ubelgiji, mahali waliposomea wengi wa mapadri waliokuja kwetu. Mwaka 1982 kitabu hicho kilirudishwa Hungaria. Kisha walitokea watu waliotaka lugha hiyo isimame kwa miguu yake: Károli Gáspár, Mprotestanti, aliyetoa Biblia nzima mwaka 1590, Pázmány Péter wa Shirika la Yezu, aliyekuwa Kardinali, aliyeandika kitabu cha sala mwaka 1606, na Káldi György, naye wa Shirika la Yezu, ambaye Biblia yake ya Kikatoliki ilitoka mwaka 1626.

Lakini mwaka 1784 mfalme Yosefu wa Pili, aliyekuwa akikaa Vienna, aliamuru Kijerumani kiwe lugha ya serikali katika Hungaria. Alidhani ni jambo la akili: dola moja, lugha moja. Wahungaria walikataa, na mwaka 1790, karibu na kufa, akaifuta amri yake. Mwaka uliofuata mwanachuoni mmoja mkubwa wa Ujerumani, Herder, aliandika kwamba baada ya miaka mia kadhaa lugha ya Wahungaria huenda isionekane tena. Maneno hayo yaliwachoma. Mwandishi Kazinczy Ferenc na wenzake wakaanza kuunda maneno mapya kwa maelfu, ili lugha ya shamba iweze kusema pia habari za sheria, za elimu na za ufundi. Mwaka 1825 bwana mkubwa mmoja, Széchenyi István, alisimama katika baraza akatoa mapato ya mashamba yake yote ya mwaka mzima ili kianzishwe chuo cha wataalamu wa kuitunza lugha. Na tujue kwamba yeye mwenyewe alilelewa katika Kijerumani, na kitabu chake cha kumbukumbu za kila siku alikiandika kwa Kijerumani! Mwaka 1844 sheria ikaweka Kihungaria kuwa lugha rasmi ya nchi mahali pa Kilatini.

Tungependa kuishia hapo na kupiga makofi. Lakini ukweli wote ni mchungu zaidi. Katika nchi ile walikaa pia Waslovakia, Waromania, Waserbia na wengine. Wahungaria waliokataa kumezwa, walipopata nguvu, walianza kuwameza wenzao. Mwaka 1907 sheria ya waziri Apponyi iliwabana walimu wa shule zote, hata za makabila mengine, wafundishe Kihungaria, la sivyo wapoteze kazi. Mwaka huo huo, tarehe 27 Oktoba, katika kijiji cha Černová, Waslovakia waliokuja kuwazuia mapadri wageni wasibariki kanisa lao bila padri wao waliyempenda, Andrej Hlinka, walipigwa risasi na askari. Watu kumi na watano walikufa. Baada ya vita, kwa mkataba wa Trianon wa mwaka 1920, Hungaria ilipoteza karibu theluthi mbili za nchi yake, na Wahungaria zaidi ya milioni tatu wakajikuta raia wa nchi nyingine. Sasa wao ndio waliokuwa wachache. Sasa watoto wao ndio walioambiwa shuleni waseme lugha ya wengine.

Wako Wakatoliki katika Romania, sehemu ya Moldova, waitwao Wachango. Wengine wao bado wasema Kihungaria cha kale sana, chenye maneno ambayo mjini Budapest yamesahauliwa. Kwa muda mrefu lugha hiyo haikupata nafasi shuleni wala altareni; bibi kizee alisali nyumbani kwa lugha yake, kanisani akasikia nyingine. Mwaka 2001 Baraza la Ulaya lilitoa pendekezo la kulinda urithi wao. Mwaka 2019, baada ya maombi ya miaka mingi, Misa ya Kihungaria ilianza kusomwa katika mji wa Bacău. Fikirini wazee waliongoja maisha yao yote, wengine wakafa kabla.

Mtasema, "Habari za mbali hizo." Si mbali sana. Karibu na mwaka 1900 kijana mmoja Mhungaria, Torday Emil, aliyezaliwa Budapest mwaka 1875, alikuja Kongo kufanya kazi upande wa ziwa Moero; baadaye alikwenda Kasai, na katika safari yake ya miaka ya 1907 hata 1909 alikaa kwa muda na Wakuba, akaandika habari za wafalme wao na desturi zao. Alijifunza lugha za watu badala ya kutazamia kwamba wote wajifunze yake.

Na sisi je? Sisi tunaoandika haya tumezaliwa kando ya ziwa Tanganyika, na lugha ya mama yetu ni Kitabwa. Shuleni mwetu aliyekamatwa akisema Kitabwa alivikwa kipande cha ubao shingoni, akakivaa mpaka amkamate mwenziwe. Tulijifunza Kifaransa, nacho kimetufaa. Tulijifunza Kiswahili, nacho kimetupa ndugu kutoka Lubumbashi hata Bukavu na ng'ambo ya ziwa. Kwa Kiswahili tunaandika ukurasa huu, wala hatuoni haya. Lakini hakuna aliyetuambia kwamba mtu aweza kuongeza lugha ya pili bila kutupa ya kwanza.

Bibi yetu alipougua ugonjwa wake wa mwisho, Kiswahili kilimtoka kidogo kidogo, kama nguo ya kuazima inavyorudi kwa mwenyewe. Akabaki na Kitabwa tu. Wajukuu waliozaliwa mjini walisimama kando ya kitanda. Mchana kutwa alirudia neno moja, nao wakadhani anasikia baridi, wakamfunika blanketi moja, kisha la pili. Tulipofika jioni tulisikia mara moja: alikuwa akiomba maji. Watoto wale hawakuwa wabaya. Walimpenda bibi yao, walilia. Walikosa neno moja tu, neno ambalo mtoto wa Mtabwa hujua kabla ya kutembea.

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 imeweka Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Tena imesema kwamba lugha nyingine zote ni urithi wa nchi na serikali itazilinda. Ni maneno mazuri. Lakini Wahungaria hawakuokolewa na sheria kwanza; sheria ya mwaka 1844 ilikuja mwisho. Walianza waandishi waliotafuta maneno, na mabwana waliotoa fedha. Na kabla ya hao wote walikuwako mama wa jikoni waliosema na watoto wao, miaka mia nane ya Kilatini na Kijerumani, bila kuona haya.

Basi wazazi, semeni na watoto wenu lugha ya nyumbani. Kifaransa watakipata shuleni, msiogope. Walimu, chukueni daftari, muandike majina ya miti, ya samaki na ya vilima mnayoambiwa na wazee, kama mwandishi yule wa Tihany. Wala tusiidharau lugha ya jirani aliye mchache kuliko sisi, tukijua yaliyotokea Černová. Mwacha asili ni mtumwa, wasema wazee. Nasi twaongeza kwamba amlazimishaye mwenziwe kuiacha amejifanya bwana wa watumwa.

Na leo jioni, kabla ya kulala, mwulize mtoto wako: babu yako akitaka maji, atayaombaje?